Kumpigia Magoti Mutalemwa

Kabla hakujapambazuka nilisikia nyasi za sakafuni zikichakarika. Hatua fupi, kisha kimya, kisha hatua nyingine. Alikuwa mwanangu Mutalemwa, ambaye hajatimiza hata miaka mitatu, anashuka kitandani kwake gizani. Nikanyoosha mkono nje ya blanketi nikauacha hewani ukimsubiri. Nyasi zikachakarika mpaka karibu na kitanda changu, zikapita, zikaendelea hadi upande wa pili wa nyumba alikolala bibi yake. Nikasikia mama mkwe akiguna, kamba za kitanda zikilia, na mtoto akivutwa juu.

"Njoo, baba," mama mkwe alimwambia. "Kule hakuna wa kukuinua."

Nikaurudisha mkono ndani ya blanketi.

Mama mkwe hakuwa amesema uongo. Nilikuwa siwezi kumwinua mwanangu. Ukiniambia nikuelezee ugonjwa wa kiuno, ndivyo ninavyouelezea. Watu wengine wanasema unachoma, unakata, unavuta. Yote hayo ni kweli, lakini mimi niliuhesabu kwa vile vitu nilivyoshindwa kuvinyanyua, na Mutalemwa ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Ulianza na mwiko. Nilikuwa jikoni, mwiko ukaniponyoka ukaanguka, nikainama kuuokota. Basi. Kitu kikanikata kiunoni, nikabaki pale pale nimeinama, nauangalia mwiko, nao mwiko unaniangalia. Anatory, mume wangu, alinikuta bado tunaangaliana.

Juma lililotangulia nilikuwa nimebeba mkungu wa ndizi kutoka mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba, na mgongo haukusema neno. Ningeumia siku ile ningeheshimika. Watu walipokuja kunipa pole waliuliza nilikuwa nimebeba nini. Niliposema mwiko, walisubiri niendelee.

Kwetu Buganguzi hakuna aliyekuja kuniona bila sababu yake mkononi. Mama mkwe, Ma Benigna, alisema nilipojifungua niliwahi mno kuondoka karibu na moto, nikakimbilia shule ya jioni ya watu wazima, ndipo baridi ikaniingia kiunoni. Baridi hiyo, kwa maelezo yake, ilikuwa imekaa humo kimya tangu Mutalemwa azaliwe, ikingoja mwiko uanguke. Baba mkwe, Ta Rwegasira, alisema ni benchi la hiyo shule, kwa sababu mwanamke hakuumbiwa kukaa kwenye benchi. Jirani yetu Immakulata alisema kuna mtu amefukia kitu kwenye njia ya kisimani. Nikamuuliza mbona kitu hicho hakijamuumiza yeye, maana njia ni hiyo hiyo moja. Kuanzia kesho yake akawa anapita njia nyingine. Anatory yeye alisema ni godoro. Nikamkumbusha kwamba hatuna godoro. Akasema, "Ndiyo hilo ninalosema."

Tulianzia zahanati. Dresa, yaani yule anayefunga vidonda na kugawa dawa, alinisikiliza kisha akasema nilale chali juu ya mbao, nisinyanyue chochote mpaka maumivu yaishe. Ndivyo walivyokuwa wamefundishwa wakati ule, simlaumu. Anatory hakuwa na mbao. Aling'oa mlango wa banda la mbuzi akauweka juu ya kamba za kitanda. Mimi nikalala juu ya mlango, na mbuzi wakala maharage ya Ma Benigna.

Nililala msimu mzima wa mvua. Maumivu hayakuisha, ila yalipata mahali pazuri pa kukaa. Miguu ikalegea. Nikiamka kwenda chooni najishikilia ukuta mchana kweupe kama mtu anayepita gizani. Mutalemwa mwanzoni alikuwa anakuja kando ya kitanda na kuinua mikono yake juu. Mtu anamwambia, "Mama mgonjwa," na kumwondoa. Akarudi tena, wakamwondoa tena. Ikafika siku akaja, akanitazama, na mikono yake akaiacha chini. Alikuwa amejifunza. Mtoto mdogo anajifunza upesi, na wengine walimsifu kwa kuwa na akili.

Kahawa ilipokaribia kuiva, Anatory alinipeleka Bukoba kwa lori, pamoja na mtoto, kwa dada yake Penina aliyeolewa Nshambya. Penina alikuwa na nyumba safi yenye vyumba vitatu, na hakujaliwa mtoto. Alimpokea Mutalemwa getini na hakumweka chini mpaka jioni. Kesho yake alinipeleka mjini kwa Bi Mwamvita, mama wa Kiislamu aliyesifiwa kwa kukanda. Bi Mwamvita alinipaka mafuta ya nyonyo, akanibonyeza huku na huku.

"Mwanangu," alisema, "mgongo huu mbona mgumu kama ubao?"

"Nimeulaza juu ya mlango, bibi."

"Mlango wa wapi?"

"Wa banda la mbuzi."

Bi Mwamvita alikanda kidogo. "Haya," akasema, "nilidhani ni jambo gumu kulielewa."

Alinikanda vizuri, akaniumika kwa pembe, na usiku ule nililala usingizi wa mtu mzima. Nafuu niliipata kweli. Kisha nikapanda lori kurudi kwetu Muleba, na barabara ile ikanipokonya shimo kwa shimo kila kitu alichonipa Bi Mwamvita. Wakati wa kuagana Penina alikuwa amembeba Mutalemwa mpaka mlangoni pa lori. Alimwambia Anatory, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mngemwacha tu kwangu. Kitanda kidogo seremala anaweza kukimaliza Ijumaa." Anatory alisema tutafikiria. Mimi nikadhani ni adabu tu ya kuagana.

Tulipofika nyumbani ndipo nilipofanya kosa langu, nalo lilikuwa kumsalimia baba mkwe.

Kwetu mwanamke hamsalimii baba mkwe akiwa amesimama. Anapiga magoti, anasalimia, anaitikiwa, ndipo anainuka. Ta Rwegasira alikuwa ametoka kwa rafiki yake kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, akaingia uani, nami bila kufikiri nikapiga magoti. "Mpola, waitu," nikasema. Akaitikia, akaniuliza habari za Bukoba, nikajibu, nikainuka. Ma Benigna alikuwa ameketi anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Mmemwona?" alisema, ingawa uani tulikuwa watatu tu. "Amekwenda chini, amerudi juu. Hata kuguna hakuguna!"

Ndipo na mimi nikatambua kwamba sikuguna.

"Kupiga magoti hakuniumi, mama," nikasema. "Sijui kwa nini."

"Kupalilia kunamuuma. Kufagia kunamuuma. Kuokota kuni kunamuuma. Kupiga magoti hakumuumi. Mgongo huu una akili, Ta Rwegasira! Unajua kutofautisha kazi na mambo mengine."

"Mama, sidanganyi."

"Nani amesema unadanganya? Nimesema mgongo wako una akili."

Mpaka jioni Buganguzi yote ilikuwa na habari za mgongo wangu unaochagua. Immakulata alikuja kunitazama upya, kama vile mara ya kwanza hakunitazama sawasawa.

Kikao kilifanyika siku ya Jumapili baada ya misa. Ta Rwegasira hakuwa mtu mkali. Alitafuna buni zake taratibu, akatema maganda, kisha akasema: "Sisemi unaumwa, wala sisemi huumwi. Mgongo uko nyuma ya mtu, hakuna anayeuona. Ninachoona ni mtoto anayelelewa na bibi yake mzee, na mama yake amelala juu ya mlango. Penina ameomba mtoto. Atakuja kahawa ikishaanikwa. Siku hiyo wewe mwenyewe, Joviana, utamwinua mtoto mbele yetu. Ukiweza, atabaki. Usipoweza, atakwenda Nshambya akakae huko mpaka aanze shule."

"Na mimi je, waitu?"

"Wewe utakuwa unapona."

Nikamtazama Anatory. Anatory alikuwa anautazama mlango. Baadaye tulipokuwa peke yetu aliniambia, "Penina atampenda." Nikamwambia najua kwamba atampenda, na hilo ndilo linaloniogopesha. Akanifunika miguu kwa blanketi, akatoka kwenda kuangalia mbuzi, ambao hakuna aliyekuwa amewafungia.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema nikaenda kwa miguu mpaka hospitali ya misheni. Si karibu. Nilitegemea kuanguka njiani, na nilichagua kwa macho vichaka vizuri vya kuangukia, kimoja baada ya kingine. Lakini kadiri nilivyotembea ndivyo kiuno kilivyolainika, na nilipofika nilikuwa nimenyooka kuliko nilivyotoka. Hilo lilinitia wasiwasi. Mgonjwa akifika hospitali amenyooka atasema nini?

Sista Klaudia alikuwa Mhaya kama mimi, mtawa mnene wa makamo mwenye mikono ya kupalilia.

"Unaumwa nini?"

"Mgongo, sista."

"Hata mimi," alisema. "Nainua wagonjwa. Lala hapo."

Hakuuliza nilibeba nini. Aliuliza kama nilianguka, kama nina homa, kama nimekonda. Aliuliza kama mkojo unanitoka bila kutaka, na kama sehemu ninayokalia imekufa ganzi. Nikasema hapana, hapana, hapana, mpaka nikaona haya, kama mtu aliyekuja sokoni hana kitu. Aliniinua mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka, akanigonga magoti kwa ukingo wa kiganja, akaniambia nitembee kwa vidole, kisha kwa visigino.

"Ungejibu ndiyo kwenye mkojo au kwenye ganzi, nisingekuruhusu kurudi nyumbani leo," alisema. "Homa na kukonda vilevile vingenitia shaka. Hivyo huna."

"Nina nini, sista?"

"Mgongo unaouma."

"Huo nilikuja nao."

"Na utarudi nao. Ila utakuwa unapungua." Akakaa kwenye stuli, polepole, mkono mmoja kiunoni. "Sikiliza. Watu wengi wanaoumwa kiuno, hatuwezi kugusa kitu kimoja tukasema adui ndiye huyu. Mfupa wako haukuvunjika. Ni misuli na viungo vya mgongo vimekasirika. Umepalilia umeinama tangu usichana wako. Umekata nyasi kule mbugani rweya. Umebeba maji, umebeba mimba, umebeba mtoto. Mwiko ulikuwa wa mwisho tu kwenye foleni."

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi nilivyofurahi kusikia kwamba si mwiko peke yake.

"Na kulala juu ya mbao?"

"Siku mbili tatu za mwanzo, ukizidiwa, pumzika. Zaidi ya hapo misuli inasahau kazi, na mtu anaanza kuogopa hata kujigeuza. Ukiogopa unakaza mwili, ukikaza mwili unaumia, ukiumia unaogopa zaidi. Sasa niambie. Kitu gani hakikuumi?"

Tangu mwiko uanguke hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilijua jibu, nikaona aibu kulitoa, maana ndilo lililoniponza.

"Kumsalimia baba mkwe," nikasema kwa sauti ndogo.

Sista Klaudia hakucheka. "Nisalimie," akasema.

Nikapiga magoti, nikamsalimia, nikainuka.

"Tena."

Nikamsalimia tena.

"Heshima hiyo inatosha. Ulipokwenda chini, mgongo wako ulikuwa umepinda au umenyooka?"

Nikafikiri. "Umenyooka."

"Nani aliyekushusha na kukupandisha?"

"Mapaja."

"Mapaja. Nayo ni manene." Aliona uso wangu. "Sikutukani. Ni kwa faida yako." Akavuta beseni la mashuka mabichi, akaliweka mbele yangu. "Haya, lisalimie beseni. Shuka kama ulivyoshuka. Livute mpaka liguse tumbo, usilishike mbali. Weka unyayo mmoja chini. Sasa panda."

Nikapanda. Beseni likapanda pamoja nami. Nikasimama katikati ya chumba cha sista nimekumbatia mashuka ya watu, na machozi yakanitoka. Sista akasema nisiyamwagie machozi, yalikuwa yametoka kufuliwa.

Kabla sijaondoka aliniambia mambo mengine. Nitembee kila siku. Nisikae namna moja muda mrefu, iwe kwa kulala au kwa benchi. Kitambaa cha maji ya moto kikinipa raha nikitumie. Kuinama si sumu, nitarudi kuinama taratibu, ila nianzie pale ambapo mgongo haukatai. "Na itakuja siku mbaya," alisema. "Utaamka umekwama utadhani yote yameharibika. Hayajaharibika. Kuuma si lazima iwe ni kuumia upya. Siku hiyo usirudi kwenye mlango."

Nilipofika nyumbani nilimwomba Anatory aurudishe mlango bandani. Aliurudisha siku ile ile. Mbuzi hawakupendezwa.

Nikaanza na boga dogo. Nalipigia magoti, nalivuta tumboni, nasimama nalo, nalirudisha. Kisha boga kubwa. Kisha chungu cha maji kikiwa nusu. Nilipalilia nimeweka goti moja juu ya gunia, nikichoka nabadili goti. Nilichochea moto kwa magoti, nikaokota kuni kwa magoti. Na kwa kuwa nyumba yetu iko kando ya njia, waliopita walifaidi.

"Joviana!" Immakulata aliita siku moja kutoka njiani. "Umeusalimia mkungu. Umeitikia?"

"Unasema hujambo."

"Uulize na habari za nyumbani kwake!"

"Unasema kisimani usipite njia ya zamani."

Immakulata akaongeza mwendo. Watoto wake wakaanza kuwapigia magoti kuku. Shule ya jioni nilikuwa nasoma nimesimama, nimeegemea ukuta wa nyuma, na Mwalimu Ildefons alipofika kwenye somo la mwili, akachora mifupa ubaoni chini ya mwanga wa karabai na kuuliza nani anaweza kutuambia habari za uti wa mgongo, darasa zima liligeuka nyuma kunitazama. Nikawaambia nilichoambiwa na sista. Mwalimu akasema ahsante, akaongeza mapaja kwenye mchoro wake.

Maboga nilikuwa nimeyaweza. Mutalemwa alikuwa jambo lingine. Boga halikimbii, wala halirushi miguu, na boga hata siku moja halikuwahi kunizoea nikiwa mgonjwa. Nilipiga magoti mbele yake, uso wangu na uso wake sawasawa, nikasema, "Njoo." Akanitazama. Mikono yake aliiweka nyuma. Akasema, "Mama mgonjwa," akaenda zake.

Siku ya pili nikapiga magoti tena, na ya tatu. Sikumgusa. Nilimuuliza kuku wake yupi leo, nikamwonyesha mdudu. Ma Benigna alivumilia kwa muda, kisha uvumilivu ukaisha.

"Sasa unampigia magoti mtoto!"

"Nataka kumwinua, mama."

"Hujamwinua. Umempigia magoti tu, kila siku, kama mtu anayeomba shamba. Kwa baba mkwe magoti, kwa mtoto magoti. Baba mkwe wako sasa ana tofauti gani na mtoto?"

Ta Rwegasira alikuwa anaanika kahawa upande wa pili wa ua. "Mimi simwagi uji," alisema, bila kugeuka.

Siku mbaya ikaja kama sista alivyosema. Mutalemwa alikuwa anakimbilia moto, nikamdaka kwa kuinama ghafla, na kiuno kikanifunga pale pale. Mtoto hakuungua. Mimi nikalala nikitazama paa la nyasi, nikihesabu kahawa iliyobaki mitini kwa kusikiliza vikapu vya wachumaji. Nilijiambia kila kitu kimeharibika. Nikajiambia sista alisema nitajiambia hivyo. Mchana nikainuka, nikatembea mpaka kwa Immakulata na kurudi, nikapumzika, nikatembea tena. Jioni Mutalemwa alikuja nilipokaa na kipande cha ndizi alichokwisha kula nusu, akaniwekea mkononi. Nikakila. Kilikuwa na mchanga.

Kesho yake nikapiga magoti mbele yake kama kawaida, nikasema, "Njoo." Akaja mpaka kifuani. Sikumwinua. Nilikaa hivyo hivyo, namnusa kichwa, mpaka magoti yakafa ganzi. Hiyo ilikuwa ganzi ya kawaida.

Penina alikuja na lori la asubuhi, kahawa ikiwa imejaa mikeka yote uani. Alikuwa amevaa gauni jipya na amebeba blanketi dogo la rangi ya maziwa, limekunjwa vizuri. Alinikumbatia. "Wifi, umenenepa," alisema, na alimaanisha wema. Blanketi aliliweka mapajani na hakulitaja.

Tukakusanyika uani: Ta Rwegasira kwenye kiti chake, Ma Benigna kwenye mkeka, Penina, Anatory, na Immakulata aliyekuja kuazima chumvi. Mutalemwa alikuwa anapanga buni mstarini ukingoni mwa mkeka.

"Haya," Ta Rwegasira alisema.

Nikamwendea mwanangu. Nikapiga magoti. Nilimsikia Ma Benigna akivuta pumzi. "Njoo," nikasema, na moyo ulikuwa unanipiga mpaka kwenye meno. Mutalemwa akaangalia buni zake, akaniangalia mimi, akainua mikono.

Nikamvuta mpaka tumbo lake likagusa langu. Nikaweka unyayo mmoja chini. Nikapanda. Kiuno kiliongea, sitasema kilinyamaza, lakini kiliongea kama mtu aliyeko chumba kingine. Nikasimama wima na mwanangu kifuani. Alikuwa mzito kuliko nilivyomwacha. Hakuna aliyeniambia kwamba muda wote ule alikuwa anakua.

"Amepiga magoti kwanza," Ma Benigna alisema.

Ta Rwegasira akachukua buni, akatafuna. "Ni kweli, alipiga magoti."

"Tulisema kuinua. Hatukusema kusalimia halafu kuinua. Watoto wote wa Muleba wanainuliwa kwa kuinama. Mimi nimelea saba kwa kuinama."

"Na mgongo wako vipi, Ma Benigna?" Immakulata aliuliza.

"Mgongo wangu haukuitwa hapa."

Ta Rwegasira alitema ganda. Mimi sikumshusha mtoto. Niliogopa nikimshusha watasema nimeshindwa kumshika.

Ndipo Anatory alipofungua mdomo. Katika mambo ya nyumbani kwao Anatory hakuwa mtu wa kufungua mdomo, na wote tukageuka. "Baba," alisema, "mtoto alikuwa chini. Sasa yuko juu."

Baba yake alilitafuna jambo hilo pamoja na buni.

Penina alikuwa anapapasa lile blanketi. Nilimwona, na nikatamani nisimwone. "Kuna jambo sikuwaambia," alisema. "Nilipombeba pale Nshambya siku nzima, kesho yake niliinuka kitandani kwa kujishikilia ukuta. Niliona haya kusema. Nilidhani mtaninyima." Akaweka blanketi kando, akashuka magotini mbele ya kikapu chake cha safari. "Wifi, mguu gani unatangulia?"

"Wowote, wifi. Ila livute blanketi, hapana, kivute kikapu karibu na tumbo."

Akakivuta. Akapanda nacho. Akakishusha, akakipandisha tena.

"Sasa wamekuwa wawili," Ma Benigna alisema.

"Abaki," Ta Rwegasira alisema, na akainuka kwenda kugeuza kahawa yake, mkono mmoja kiunoni. Penina akaja akamfunika Mutalemwa lile blanketi mabegani, juu ya mikono yangu, akasema hilo ni lake mtoto, hata kama analala Buganguzi. Ma Benigna alitaka kujua kama chakula kitajipika. Immakulata akakumbuka chumvi. Watu wakatawanyika, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya ua nimemshika mwanangu, jua linapanda, kiuno kinaongea, wala sikuwa tayari kumweka chini, asije mtu akabadili mawazo.

Mutalemwa alinivumilia kwa muda mrefu. Kisha akaupeleka mdomo karibu na sikio langu, lakini akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Mama, nimechoka kubebwa."